Linux kwenye laptopu ya mtumba: bando, flashi na daftari la kikoba

Wanaosimulia habari za Linux wengi huanza na bei: mfumo mzima wa kompyuta, bure, hudaiwi hata senti. Mtaani kwangu Tanga hoja hiyo haimtikisi mtu, maana sijawahi kukutana na jirani aliyelipia Windows. Laptopu inakuja ikiwa tayari na Windows aliyoiweka fundi, ikisumbua inarudi kwa fundi akaipige upya kwa shilingi 15,000, maisha yanaendelea. Kwa hiyo nilipoijaribu Linux Mint nyumbani sikuwa nakimbia gharama. Mashine yenyewe ilikuwa imefika ukingoni.

Ni laptopu ya mtumba ya Kariakoo: Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Mimi ni mwalimu wa Jiografia sekondari. Humo ndimo yanamokaa maazimio yangu ya kazi, maandalio ya masomo na mitihani ya miaka yote, pamoja na daftari la kikoba cha mke wangu, ambaye ni mhazini wao. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache. Yangu haimo. Fundi alinituliza: "Mwalimu, hiyo inawekeka tu, ujanja upo." Najua upo. Ila mashine iliyokuwa ikihema kwa Windows 10 sikuona itapumuaje kwa 11, na mikononi mwa mafundi wetu kazi hiyo kwa kawaida inaanza na kuzima antivairasi ili kile kiprogramu cha kufungulia leseni kipite. Hapo ndipo roho yangu hukataa.

Nikachagua Linux Mint, toleo la 22, sura ya Xfce. Linux yenyewe ni kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki. Aliandika kiini tu, ile sehemu inayozungumza na prosesa, diski na vifaa vingine; mengi ya kukizunguka yalikuwa yameshaanza kuandikwa na mradi wa GNU wa Richard Stallman tangu miaka ya 1980. Kwa kuwa msimbo uko wazi, kila kundi limejipangia vifurushi vyake: Debian, Fedora, Ubuntu na wengine wengi. Mint ilianza 2006 na inajengwa juu ya Ubuntu. Inakuja katika sura tatu, na Xfce ndiyo nyepesi kuliko zote. Wenyewe wanasema RAM ya GB 2 inatosha, ingawa wanapendekeza GB 4, na mimi ninazo hizo hizo. Sababu nyingine ni ya kifamilia: menyu iko chini kushoto, mahali ambapo kila mtu nyumbani ameshazoea kubofya. Sikutaka kufundisha darasa la pili nikitoka shule.

Faili la kusakinishia linakaribia GB 3. Hapo bando liliuma, tena sitalificha hilo, kwa sababu wanaosifu Linux huliruka. Nililipakua usiku kwa bando la usiku, nikalikagua kwa ile namba ndefu ya sha256 wanayoiweka pembeni yake, kisha nikaliandika kwenye flashi kwa programu ya Etcher. Ukaguzi usiuone kama mbwembwe. Kwa intaneti inayokatikakatika ya simu zetu, faili linaweza kufika pungufu na likaonekana zima, halafu ukalaumu kompyuta isiyo na kosa.

Kisha kuna jambo ambalo fundi wangu hakuwahi kuniambia linawezekana: unaweza kuendesha mfumo mzima kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unazima laptopu, unachomeka flashi, unawasha huku ukibonyeza F12 (nyingine ni F9 au Esc, inategemea kampuni), unachagua flashi, na baada ya muda unaona skrini ya Mint mbele yako. Ukizima na kuchomoa, Windows yako iko palepale. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. "Baba watoto, vitabu vya kikoba vikipotea, utaenda kuwaeleza wewe wale akina mama." Nikamwonyesha faili lake likiwa salama kwenye diski. Akaondoka, lakini sura haikukunjuka.

Kwenye flashi kila kitu ni kizito kidogo, hasa kwa tundu la USB la zamani, kwa hiyo usipime kasi hapo. Pima vifaa. Sauti inatoka? Kamera inaona? Ukifunika laptopu na kuifunua, inaamka? Mwanga wa skrini unapungua kwa vitufe vyake? Yangu ilipita kote isipokuwa Wi-Fi. Orodha ya mitandao ilikuwa tupu kabisa, kana kwamba mtaa mzima umezima simu. Sababu inajulikana: baadhi ya watengenezaji wa kadi za Wi-Fi hawaachii wazi draiva zao, yaani programu za kuziendesha kadi hizo, kwa hiyo haziwashwi moja kwa moja pamoja na kiini, lazima uzisakinishe kando. Na ili uzipakue unahitaji intaneti, ambayo huna kwa kuwa Wi-Fi haifanyi kazi. Njia ya kutokea iko mfukoni: chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, na laptopu inaiona kama waya wa mtandao bila draiva yoyote. Nikafungua meneja wa draiva, ikaitambua kadi, ikapendekeza draiva, nikakubali, nikangoja. Mitandao ya jirani zangu yote ikajitokeza.

Usakinishaji wenyewe haukuwa na hadithi. Nilinakili mafaili yote kwenye diski ya nje kwanza. Ndani ya Windows nikazima ule uwashaji wa haraka, kwa sababu ukiwa hai Windows haizimiki sawasawa na Linux haipewi ruhusa ya kuandika kwenye sehemu yake ya diski. Nikapunguza sehemu hiyo ili kupata nafasi, kisha nikachagua kusakinisha Mint kando ya Windows. Betri yangu ni ya kuaga, kwa hiyo nilingoja siku ambayo umeme ulikuwa umetulia tangu asubuhi. Kukatika kwa umeme katikati ya kugawa diski ni jambo ambalo sitaki kulijua.

Tangu hapo kompyuta ikiwaka inauliza: Mint au Windows? Na kwa siku za mwanzo ikatuletea kioja cha saa. Mke wangu akitoka kwenye Mint na kuingia Windows anakuta 11:00 wakati muadhini alishaita adhuhuri na watu wamekula. Ilikuwa saa nane mchana. Saa ya ndani ya ubao mama Linux huiandika kwa UTC, ile saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya mahali ulipo, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC. Mstari mmoja kwenye terminali, lile dirisha jeusi la kuandika amri: timedatectl set-local-rtc 1. Ukamaliza ugomvi.

Sasa nije kwenye bando, kwa sababu hapa ndipo mfumo huu ulinishika hasa.

Nyumbani hatuna faiba. Intaneti yetu ni simu, na simu ni bando lenye saa ya kufa. Ukiunganisha laptopu kwa hotspoti ili utume barua pepe moja, unataka itume barua pepe moja. Kwenye Windows unaweza kuiambia kwamba mtandao huu ni wa kupimwa, lakini kila hotspoti mpya inabidi uikumbuke wewe mwenyewe. Kwenye Mint kuna kangao kadogo pembeni ya saa. Kakipata habari kwamba kuna masasisho kanaonyesha alama, kisha kananyamaza. Ukikafungua unakuta orodha: kifurushi gani, toleo gani, ukubwa wake ni kiasi gani. Hakuna sasisho linaloshuka mpaka ubonyeze. Naweza kuchukua ya usalama na ya kivinjari leo, nikaliacha la kiini, ambalo ni kubwa, lisubiri bando la usiku. Hiyo ndiyo raha niliyoipata ambayo bei haihusiki nayo hata kidogo: nikiwasha data, najua inakwenda wapi.

Ila usijisahau, Linux nayo ina mdomo mkubwa mahali pengine. Kwenye duka la programu la Mint, programu moja mara nyingi imewekwa kwa namna mbili: kifurushi cha mfumo, na Flatpak. Flatpak huwa na toleo jipya zaidi, lakini mara ya kwanza inakuja na mzigo wa maktaba zake unaofika mamia ya MB. Niliwahi kubofya kiprogramu cha kuchora nikaona ukubwa kinachotaka kushusha, nikarudi nyuma taratibu. Kifurushi cha mfumo cha programu ileile kilikuwa sehemu ndogo tu ya hapo. Tazama ukubwa kabla ya kubonyeza, na ingia kwenye mipangilio ya vyanzo vya programu ukaiache ijipime yenyewe seva ipi ina kasi kwako, tofauti inaonekana.

Halafu kuna ile GB 3 ya mwanzo. Nililipa bando mara moja, na faili likazunguka chumba cha walimu kwa flashi kihalali kabisa, leseni inaruhusu. Hata masasisho yanashirikiwa: ukitumia apt-get, amri ya kusakinisha programu, vifurushi ulivyovipakua hubaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, na mwenzako mwenye toleo lilelile anaweza kuvisakinisha kutoka kwenye flashi yako bila kutumia hata MB moja. Kwa watu wanaonunua intaneti kwa vipimo, huo ni ushirika wa maana kuliko hotuba nyingi za teknolojia nilizosikiliza.

Na tukitaja flashi, tuseme na virusi vyake. Kila aliyewahi kuchapisha kitu steshenari anavijua. Unapeleka flashi ikiwa na mafaili, inarudi ikiwa na ikoni moja yenye kishale pembeni, yenye jina la flashi yenyewe. Mwalimu mwenzangu alikuja nayo hivyo wiki ya mitihani, uso umemshuka, anaamini maswali ya kidato cha tatu yamefutika. Nikaichomeka kwenye Mint. Vitu vitatu vikaonekana bila kificho: faili la njia ya mkato lenye mwisho wa .lnk, skripti ya .vbs yenye jina la herufi zisizo na maana, na folda ambayo mahali pa jina palikuwa patupu. Niliibofya ile folda isiyo na jina. Mitihani yote ilikuwa humo ndani.

Virusi vya aina hii havifuti kitu. Vinahamishia mali yako kwenye folda, vinaipa folda alama ya kufichwa ya Windows, kisha vinaacha njia ya mkato ambayo ukiibofya inaendesha skripti kwanza ndipo inakufungulia folda, ili usishtuke. Linux haiitambui ile alama ya kuficha. Kwake faili lililofichwa ni lile ambalo jina lake linaanza na nukta. Na ile skripti ni ya Windows, huku haina pa kukimbilia. Nikahamisha mitihani, nikafuta vile viwili, nikamrudishia flashi yake. Habari ikasambaa, na sasa wapo wanaoniletea flashi kama mgonjwa anavyopelekwa zahanati. Nawaambia ukweli kwamba Linux haikuumbwa bila maradhi, programu mbaya za kuishambulia zipo. Ila hizi za steshenari zimeandikwa kwa ajili ya kompyuta ya steshenari.

Kwenye nyaraka ndiko nilikotoka jasho. Mint inakuja na LibreOffice, na kwa kuandika tu haina neno. Lakini mwalimu haandiki peke yake. Azimio la kazi linatoka kwa mkuu wa idara likiwa .docx, lina jedwali la safu nyingi kwenye ukurasa uliolazwa, limeandikwa kwa Calibri. Calibri ni mali ya Microsoft, huku haipo, kwa hiyo LibreOffice inaweka mwandiko mwingine. Ukisakinisha Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, mistari inarudi mahali pake. Liberation Serif inafanya kazi hiyo hiyo kwa Times New Roman. Hilo lilitatua sehemu kubwa. Lisilotatulika kirahisi ni visanduku vya maandishi vilivyowekwa juu ya picha. Nina swali la ramani ambalo nimelitumia miaka: mchoro wa pwani, majina ya mito na milima yamebandikwa kwa visanduku. Nilipolifungua, mlima ulikuwa baharini na mshale wa kaskazini umeshuka hadi kwenye maelekezo ya sehemu B. Nikauchora upya mchoro wote, safari hii maandishi yakiwa ndani ya picha yenyewe.

Utaratibu niliofikia ni huu: ninachokwenda kuchapisha natoa PDF, kwa sababu PDF haijali steshenari ina mfumo gani. Ninachoshirikiana na wenzangu kukihariri nakihifadhi kama .docx, kisha nakifungua mara moja tena kabla ya kukituma ili nione kilichosogea. Wakati fulani inakera. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kubadilishana nyaraka za mapambo na ofisi nyingine, nisingemshauri aondoe Windows leo.

Kinyume chake, kikagua tahajia cha Kiswahili kipo, unakisakinisha kwa jina la hunspell-sw, na kinanisaidia kwenye barua za wazazi. Wengi hawajui kwamba kazi ya kuleta programu huria kwa Kiswahili ilifanyika hapahapa: mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na OpenOffice ndiyo mzazi wa LibreOffice ya leo.

Daftari la kikoba ndilo lililonishinda kwa muda. Kijana mmoja alimtengenezea mke wangu lahajedwali la Excel lenye vitufe: unabofya, linakokotoa riba ya mkopo na kuandika rejesho kwenye ukurasa wa mwanachama. Vitufe hivyo ni makro, na LibreOffice kwa usalama inazizuia. Nikailegeza ile ngazi ya ulinzi kwa faili hilo. Baadhi zikafanya kazi, nyingine zikatoa ujumbe wa kosa kwa lugha ambayo hata yule kijana angeikimbia. Mke wangu akanitazama tu. Tukakubaliana kwamba siku ya kikao yeye anaingia Windows kama kawaida, na ndiyo faida ya kuacha mifumo yote miwili. Baadaye tulikaa tukaziandika upya zile hesabu kwa fomula za kawaida bila kitufe chochote, riba ya kila mwezi na salio, hisa na faini. Imekuwa safi kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa hata katibu wao anaona namba inatoka wapi. Lakini kufunga mahesabu ya mwaka, wakati wa kuvunja kikoba, bado anafanyia kule kwa zamani. Hela za watu si za kufanyia majaribio, na mimi simbishii.

Watoto hawakuwa na shida. Mitihani ya nyuma ni PDF, video ni kivinjari, WhatsApp inafunguka kwenye kivinjari. Kijana wangu wa kiume alinuna kwa sababu mchezo wake wa mpira haukukubali, akahamia kwa mjomba wake.

Lile dirisha jeusi la terminali ndilo linalotisha watu kuliko inavyostahili. Ninalifungua mara chache. Ninachokiogopa zaidi ni tabia ya kunakili amri kwa mtu usiyemjua na kuibandika. Amri inayoanza na sudo inaendeshwa kwa mamlaka ya mwenye mashine. Soma inachofanya kabla ya kuandika nywila yako. Na kabla ya jaribio lolote washa Timeshift, ambayo inakuja na Mint: inahifadhi picha ya mfumo ulivyo leo, ili kesho ukiharibu urudi nyuma. Haihifadhi mafaili yako binafsi usipoiambia, kwa hiyo diski ya nje bado ni lazima.

Walimu wenzangu wakiona laptopu inawaka wanauliza kuhusu kasi. Ni kweli ilipata nafuu mara moja. Mint ikitulia baada ya kuwaka inaacha sehemu kubwa ya RAM ikiwa huru, na naweza kufungua LibreOffice na kivinjari pamoja bila diski kuanza kulia. Lakini kilichoifanya iruke hasa ni SSD, diski isiyozunguka, niliyoiweka miezi baadaye badala ya ile diski ya kuzunguka, na SSD hiyo ingeipa nguvu Windows 10 vilevile. Kwa hiyo anayeniambia ana hela kidogo na laptopu ya umri kama wa yangu, namwambia aanze na SSD, kisha aje na flashi tupu ya GB 8 na waya wa simu yake. Mint tutaijaribia hukohuko kwenye flashi, tuanze na Wi-Fi.